SOMO: KWA NINI NDAGALA WANAPUNGUA ZIWANI?

Kama umekulia Uvira, Kalemie au Rumonge, umeona ndagala (dagaa) wakipungua katika Ziwa Tanganyika. Uvuvi wa kupita kiasi ni sababu moja. Joto la dunia ni nyingine.

Chanzo: Makaa ya mawe, petroli na dizeli vikichomwa hutoa hewa ya ukaa. Hewa hii huzuia joto lisitoke angani, kama blanketi. Nyingi imetoka nchi zenye viwanda vikubwa. Kukata misitu pia huiongeza.

Matokeo: Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba nyingi iko chini. Upepo wa kiangazi huchanganya maji na kuipandisha juu. Hapo mimea midogo sana huota, ikalisha vijidudu, navyo vikaliwa na ndagala. Lakini maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini. Rutuba hubaki chini. Wataalamu walieleza jambo hili mwaka 2003.

Tufanye nini? Tutumie kuni kavu, tufunike sufuria, tupande miti. Hatutapoza ziwa peke yetu, lakini tutaokoa misitu iliyo karibu.

Jadilini: Mvuvi afanye nini ili ndagala wachanga wakue?