Daktari wa usingizi akiuliza habari za moyo, semeni yote

Wadogo zangu, leo namjibu binti anayeuguza mama yake. Mama ana kisukari, na amepangiwa upasuaji wa tumbo. Binti anauliza: "Dada, tatizo ni tumbo, mbona daktari wa usingizi anahoji habari za moyo?"

Mdogo wangu, kisu kinapita tumboni lakini mzigo unaubeba moyo. Damu inapotea, presha inapanda na kushuka. Moyo wenye ugonjwa uliojificha unaweza kuzidiwa mezani au siku mbili tatu baadaye, mara nyingi bila hata kifua kuuma, maana mgonjwa bado yuko kwenye dawa za maumivu.

Madaktari wengi hupima hatari hiyo kwa orodha ya mambo 6 iliyotolewa mwaka 1999: upasuaji mkubwa wa tumbo, kifua au mishipa mikubwa ya damu, ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi, hata kile kilichopita chenyewe, kisukari cha kuchoma insulini, na figo zilizochoka. Yakiongezeka, hatari nayo inapanda.

Kisha linakuja swali linaloonekana dogo: "Mama, unapanda ngazi za ghorofa mbili bila kupumzika?" Mama atajibu, "Napanda vizuri tu," kwa kuogopa kuahirishiwa. Wewe ndiye unayejua kuwa siku hizi anasimama mara mbili njiani akienda sokoni, analalia mito mitatu apate pumzi, na jioni miguu imevimba. Sema palepale, mbele yake, kwa upole. Huo si utovu wa adabu.

Dawa zake zote ziweke kwenye mfuko uende nazo, hata za miti shamba. Usimwachishe wala kumwanzishia dawa kwa shauri la jirani. Utafiti wa mwaka 2008, kwa wagonjwa zaidi ya 8,000, ulionyesha kuwa kati ya walioanzishiwa dawa ya kutuliza mapigo ya moyo siku ileile ya upasuaji, waliopata shambulio la moyo walipungua, lakini waliopata kiharusi na waliokufa waliongezeka.

Upasuaji ukiwa wa dharura, usiucheleweshe kwa kudai vipimo. Ukiwa wa kupangwa na daktari akausogeza mbele ili moyo utibiwe kwanza, mkubalie. Muulize tu: tunasubiri nini, na turudi lini?