Somo la Tawi: Ujuzi wa Kazi Tuutunze Pamoja, Tusinyang'anywe



Somo letu safari hii ni juu ya mali ambayo kila mfanyakazi anayo, lakini haionekani katika orodha ya ghala wala katika daftari la mishahara. Mali hiyo ni ujuzi wa kazi. Fundi anapostaafu baada ya miaka 30 hukabidhi spana, funguo na ovaroli. Yale aliyokuwa nayo kichwani na mikononi hayakabidhiwi, maana hakuna aliyemwuliza. Wiki inayofuata mtambo unaharibika, na vijana waliobaki wanalaumiwa kwamba hawajui kazi.

Siku hizi wako wataalamu ambao kazi yao ni kushughulikia jambo hili. Wanaliita usimamizi wa maarifa, na mwaka 2018 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kanuni zake, namba 30401. Wataalamu hao huunda vikundi mahali walipo, hukutana, husimuliana yaliyowapata kazini na kuyaandika. Sisi wa chama tunasema kwamba jambo hili si la maofisa peke yao. Chanzo chake ni yule anayeshika chombo.

1. Ujuzi ni wa aina mbili

Kuna ujuzi unaoandikika, kama vile kipimo cha mafuta ya injini au mpango wa nyaya. Upo na ujuzi wa mkono na sikio. Dereva wa siku nyingi husikia mlio akajua beringi inakwisha. Mwokaji wa mikate hugusa unga akajua umekandwa vya kutosha. Ukimwambia aandike, atakuandikia mistari miwili tu, na hiyo haitoshi kumfundisha mtu.

Ujuzi wa namna hii hufunzwaje? Mama mmoja wa Marekani, Jean Lave, katika miaka ya 1970 alichunguza mafundi cherehani wa Monrovia, nchini Liberia. Aliona kwamba mwanagenzi haanzi kwa kukata kitambaa. Huanza na kazi za mwisho za nguo: kutia vifungo, kupinda pindo, kupiga pasi. Baadaye hushona, na kukata huja mwisho. Sababu yake ni wazi. Mshono mbaya hufumuliwa, lakini kitambaa kikikatwa vibaya kimepotea. Mwaka 1991 Lave na mwenzake Etienne Wenger walitoa kitabu wakieleza kwamba kazi hufunzwa ndani ya kikundi cha watu wanaoifanya, mgeni akianzia pembeni na kuingia katikati pole pole.

2. Mafundi wa mashine za fotokopi

Katika miaka ya 1980, Julian Orr wa kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, huko California, aliandamana na mafundi waliokuwa wakitengeneza mashine za fotokopi katika maofisi ya wateja. Kampuni iliwapa vitabu vya maelekezo: ukiona alama hii, badilisha kipuri hiki. Orr aliona kwamba mashine hazikufuata vitabu. Mara nyingine mashine ilionyesha alama ya ubovu mahali pamoja, kumbe ubovu uko kwingine. Hapo fundi na mwenzake walikaa saa nyingi wakisimuliana visa vya mashine walizopata kuziona, hadi kisa kimoja kikawafungulia njia.

Mafundi hao walikula pamoja asubuhi na mchana. Mtu wa ofisini angeweza kudhani wanapoteza wakati. Kumbe mezani pale ndipo palikuwa shule yao. Orr aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1996.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi hiyo ikapanuliwa, ikianzia kwa mafundi wa Ufaransa. Fundi aliyegundua dawa ya ubovu aliiandika, mafundi stadi wakaipima, na ikithibitika ikawekwa katika hazina ya wote pamoja na jina la mwenyewe. Mpango huo uliitwa Eureka. Lilipotolewa wazo la kulipa fedha kwa kila dawa, mafundi walikataa. Walichotaka ni jina lao lionekane na wenzao wajue.

Faida yake ilionekana. Fundi mmoja nchini Brazil alikuwa karibu kubadilisha mashine nzima, hasara ya dola kama 40,000. Akatazama katika hazina akakuta maneno ya fundi wa Montreal, Kanada, yaliyomwelekeza kwenye kishikio cha fyuzi cha senti 50. Watu wawili hao walikuwa mbali mbali, mmoja akamwokoa mwenziwe.

3. Hatari iliyopo

Sasa tusikimbilie kushangilia. Frederick Taylor, aliyeanza kama mwanagenzi wa kiwandani Philadelphia, baadaye akawa mshauri wa matajiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alisema waziwazi kwamba uongozi ukusanye ujuzi wote wa jadi ulio kwa wafanyakazi, uupange, uugeuze kuwa kanuni za ofisi. Mfanyakazi abaki kutii.

Mwaka huo huo wa 1911, mwezi wa Agosti, wasubu vyuma wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma. Mwenzao alikataa kupimwa kwa saa, akaachishwa kazi. Bunge la Marekani lilichunguza, na mwaka 1915 likakataza fedha za jeshi zisitumike kwa upimaji huo.

Tuone basi tofauti. Mafundi wa Eureka walichangia wenyewe, wakapima wenyewe, jina likabaki la mwenyewe. Kwa njia ya Taylor, ujuzi ulichukuliwa na ofisi, kisha ukarudishwa kama amri. Kuandika siyo ubaya. Swali ni nani anaandika, kwa faida ya nani, na baada ya kuandikwa mwenye ujuzi anafanywaje. Tumekwisha kuona mahali ambapo mzee aliambiwa afundishe kijana kwa miezi mitatu, na mwezi wa nne akapewa barua ya kupunguzwa. Baada ya hapo nani atafundisha mwenzake? Kila mtu hufunga mdomo, na kazi inaharibika.

4. Kazi za kikundi katika tawi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tawi lenye watu wa kazi moja linaweza kuanza hivi:

(a) Mkutano mmoja kila mwezi, wa saa moja. Kila mkutano kisa kimoja: nini kilitegemewa, nini kilitokea, kwa nini, tufanye nini safari ijayo. Aliyekosea asichekwe.

(b) Daftari la dawa za hitilafu. Andikeni tarehe, mtambo, dalili, dawa, na jina la aliyegundua. Mafundi wawili wathibitishe kabla ya kuandikwa.

(c) Mzee anayekaribia kustaafu awekewe kijana mapema, angalau mwaka mmoja, wafanye kazi bega kwa bega.

(d) Wenye kundi la simu, vizuri. Lakini maneno ya simu hupita kama maji. Mchagueni mmoja ayahamishie yenye maana katika daftari kila wiki.

(e) Siri za biashara na za wateja zisitoke nje ya kazi, tusije tukampa mwajiri fimbo ya kutupigia.

5. Mambo ya kudai katika mkataba

Viongozi wa matawi, mnapojadiliana na mwajiri juu ya mkataba wa hali bora, dai haya: saa ya mkutano ihesabiwe saa ya kazi, anayefundisha apate posho, maneno ya kikundi juu ya makosa yasitumike kumwadhibu mtu, na mfanyakazi asipunguzwe kwa sababu amekwisha toa ujuzi wake. Mambo haya yaandikwe. Ahadi ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa.

6. Maswali ya kujadili

Someni somo hili kwa sauti, kisha jibuni:

Katika kazi yetu, ni nani anayejua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua? Atastaafu lini?

Ni lini mara ya mwisho tulirudia kosa ambalo wenzetu walikwisha kulitatua?

Hapa kwetu, kazi ikiandikwa, daftari linakaa kwa nani?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyasoma katika mkutano ujao.