Mwali Unaohesabu Kaboni

Moshi wa gari huchukua petroli kidogo isiyoungua. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani kampaundi za haidrojeni na kaboni. Mwaka 1952 mwanakemia A. J. Haagen-Smit, aliyefanya kazi California, Marekani, alieleza kwamba haidrokaboni na oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua huzaa ozoni, gesi iudhiyo mapafu na kuharibu mimea. Kwa hiyo hapana budi haidrokaboni zilizomo hewani zipimwe, hata zikiwa sehemu chache tu katika milioni.

Chombo kinachotumika sana kwa kazi hiyo ni kichanganuzi cha mwali. Kilibuniwa mnamo miaka ya 1957 na 1958 na makundi mawili: McWilliam na Dewar mjini Melbourne, Australia, na Harley, Nel na Pretorius mjini Pretoria, Afrika Kusini.

Kanuni yake

Haidrojeni safi ikiungua katika hewa safi hutoa joto na mvuke wa maji, lakini ioni chache mno. Kwa hiyo mwali wake karibu haupitishi umeme. Gesi yenye haidrokaboni ikiingizwa ndani yake, joto huzipasua molekuli, na baadhi ya vipande hukutana na oksijeni:

CH + O → CHO⁺ + e⁻

Tukio hili ni la nadra: katika atomu laki moja za kaboni, au zaidi, ni moja tu izaayo ioni. Hata hivyo hiyo yatosha. Tundu la mwali na elektrodi iliyo juu yake huunganishwa na umeme, aghalabu wa volti 100 hadi 300. Ioni huvutwa upande mmoja na elektroni upande mwingine, na mkondo hupita. Mkondo huo waweza kuwa mdogo kama ampia 10⁻¹², hivyo hupitishwa kwanza katika kikuza umeme, ndipo usomwe.

Maana ya kipimo

Kadiri atomu za kaboni zinavyozidi, ndivyo mkondo unavyozidi. Molekuli moja ya propani (C₃H₈) hutoa takriban mara tatu ya molekuli moja ya methani (CH₄). Basi sehemu 300 za kaboni katika milioni zaweza kuwa methani 300, propani 100, au heksani (C₆H₁₄) 50. Chombo hakitofautishi, hutoa jumla ya kaboni tu. Kwa sababu hiyo husahihishwa kwanza kwa gesi ya kiasi kinachojulikana, mara nyingi propani, na gesi hiyo lazima itajwe pamoja na kipimo.

Jambo hili si dogo. Methani hushiriki polepole mno katika kuzaa ozoni ya mjini, ilhali haidrokaboni nyingine nyingi hushiriki upesi. Jumla peke yake yaweza kumpotosha msomaji. Ndiyo maana vyombo vingine huwa na kichocheo kinachounguza haidrokaboni zote isipokuwa methani, kisha methani hutolewa katika jumla.

Mwali huu haujali maji, kaboni monoksidi wala kaboni dioksidi. Alkoholi hupimwa pungufu, kwa kuwa kaboni yake mojawapo imekwisha kushikana na oksijeni.

Tahadhari

Mwali wa haidrojeni karibu hauonekani. Ukizimika, gesi huendelea kutoka na yaweza kulipuka. Fundi hushika chuma baridi king'aacho juu ya tundu la kutokea moshi: kikipata umande, mwali unawaka.

Maswali

1. Umande huo watoka wapi? Andika mlinganyo wake.
2. Chombo kilichosahihishwa kwa propani kimepewa hewa yenye methani tupu, sehemu 30 katika milioni. Kitasoma propani kiasi gani?
3. Miji miwili ina jumla sawa ya haidrokaboni hewani. Je, lazima iwe na hatari sawa ya ozoni? Toa sababu.