Picha Inapokataa Kuonekana Kwenye Tovuti

Ndugu na dada wa vikundi, katika somo hili tunaangalia shida inayowapotezea wateja wale wanaouza kazi za mikono kwa njia ya tovuti. Tuseme akina mama wa hapa Dunga, Kisumu, wamesuka vikapu kwa gugu la majini, hilo haisinti ambalo limetuzibia njia za mashua tangu miaka ya tisini. Wamepiga picha, fundi akazitia kwenye tovuti. Mnunuzi aliye Nairobi anafungua, anaona maandishi, anaona bei, lakini pale pa kikapu kuna kisanduku kitupu. Nani atatuma pesa kwa kisanduku? Anaondoka, wala hawaambii.

Kwanza tuelewe hii kitu inavyofanya kazi. Ukurasa wa tovuti haubebi picha ndani yake. Unabeba anwani ya picha tu. Simu ya mnunuzi inasoma anwani hiyo, kisha inaenda kuchukua picha kwenye seva, yaani ile kompyuta inayotunza tovuti. Ni kama kumtuma mtoto: "Nenda kwa nyanya, ulete sufuria iliyo juu ya kabati." Kama sufuria iko jikoni, mtoto atarudi mikono mitupu.

Basi kabla ya kumlaumu fundi, fungueni ukurasa huo kwa simu ya mtu mwingine. Ikiwa picha zinaonekana huko, tovuti ni nzima. Rudini kwa simu ya kwanza. Opera Mini, ambayo wengi huitumia kuokoa bando, ina mahali pa kuzima picha, na labda kijana wa nyumbani alizizima.

Ikiwa hazionekani kokote, fungueni anwani ya picha peke yake. Ikitokea namba 404, maana yake seva imetafuta na haikukuta kitu mahali pale.

Kuna kosa moja la kudanganya sana. Picha inaonekana vizuri kwenye kompyuta ya fundi pale saiba, lakini kwa wengine wote hakuna. Mwulizeni kama anwani ya picha ina C: mwanzoni. Hiyo ni kabati ya kompyuta yake mwenyewe! Yeye anaiona kwa sababu iko kwake. Aliye Mbita au Nairobi hawezi kuifikia. Lazima picha ipandishwe kwenye seva na anwani irekebishwe.

Halafu kuna majina. Kompyuta ya Windows kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, lakini seva nyingi hutumia Linux, na huko Kikapu.JPG na kikapu.jpg ni vitu viwili tofauti. Nafasi katikati ya jina nayo huleta taabu. Na sisi wa huku tuna majina kama Ng'iya. Ile alama ya juu inaweza kuikata anwani katikati. Andikeni tu ngiya-kikapu1.jpg, herufi ndogo zote.

Msichukue anwani ya picha iliyoko Facebook na kuibandika kwenye tovuti yenu. Leo itaonekana, baada ya muda itapotea, kwa sababu anwani hizo huisha muda wake. Na kama mgeni amewapigia picha kwa iPhone, huenda faili inaishia na heic, aina ambayo simu nyingi haziwezi kuionyesha ndani ya tovuti. Ibadilishwe iwe jpg.

Wakati mwingine picha ipo, ila ni nzito. Picha moja ya simu yaweza kuwa MB 4. Kumi ni MB 40, na mnunuzi mwenye mtandao hafifu hatangoja. Fundi azipunguze hadi karibu KB 200 kila moja. Kikapu kitaonekana vizuri tu.

Mwambieni pia aandike maneno ya badala ya picha, yale yanayotokea picha ikishindwa: "Kikapu cha haisinti, chenye mfuniko, shilingi fulani." Angalau mnunuzi atajua kuna nini pale.

Mkishakubaliana na fundi, msimalizie malipo mpaka mweka hazina afungue tovuti kwa simu yake, akiwa mbali na hiyo saiba, na kuhesabu picha moja moja.