Kikundi Kitalala Wapi? Somo la Malazi Wakati wa Nane Nane



Katika somo la robo hii tunazungumzia jambo ambalo katika maombi mengi ya miradi huandikwa kwa neno moja tu: "malazi". Kila mwaka vikundi vyetu vya wakulima huomba kusafiri kwenda kwenye maonesho ya Nane Nane. Tunapanga usafiri, posho na nani atakwenda. Mahali pa kulala tunasema, "tutaona tukifika." Tumejifunza kwa uchungu kwamba kikundi kisichojua kitalala wapi hakijawa tayari kwa safari.

Somo hili linaweza kutumika katika kikao kimoja cha kamati. Mwishoni kuna maswali ya kujadili.

YALIYOTUPATA MWAKA 2022

Mwezi Agosti 2022 tulipeleka wakulima 32, wanawake 19 na wanaume 13, kwenye maonesho ya Nane Nane jijini Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale. Lengo lilikuwa kujifunza uzalishaji wa mbegu bora za viazi mviringo na kuona vipando vya kituo cha utafiti cha TARI Uyole. Kwa njia ya simu tuliagana na nyumba moja ya kulala wageni tupewe vyumba 16, tukatuma nusu ya fedha.

Tulifika saa tatu usiku baada ya safari ya kutwa nzima. Mhudumu alituambia vyumba vimejaa. Waliofika mchana na fedha taslimu walikuwa wamepewa vyumba vyetu kwa bei ya juu zaidi. Tulirudishiwa fedha yetu siku ya pili, lakini usiku ule fedha haikuwa na kazi. Tulizunguka gesti nyingine saba, na jibu likawa lile lile. Saa sita tuliegesha basi stendi, tukalala tumekaa.

Wanaoijua Mbeya wanajua baridi ya usiku wa mwezi wa nane. Kati yetu alikuwepo mama mwenye mtoto wa miezi minane. Asubuhi mtoto alikuwa na homa na anapumua kwa shida. Hospitalini wakasema ni nimonia. Tunamshukuru Mungu alipona. Hata hivyo mama yake alirudi nyumbani pamoja na mwenzake aliyemsindikiza. Hao wawili ndio waliochaguliwa na kikundi kusimamia shamba la mbegu. Tuliobaki tuliyaona maonesho. Wale ambao kikundi kiliwategemea hawakuyaona.

Siku ya pili mzee mmoja wa kanisa alitupokea katika ukumbi wa usharika wake. Kina mama wa pale walituazima mikeka na mablanketi, wakatupikia kwa siku tatu. Tulipomshukuru alitujibu kwa upole, "Mngetuambia mwezi wa sita tungewaandalia. Mmetujia kama watu wa msiba."

Neno hilo hatujalisahau.

KWA NINI MJI HUJAA

Maonesho hufanyika tarehe 1 hadi 8 Agosti. Watumishi wa halmashauri, taasisi na makampuni hufika mapema na kushika vyumba vilivyo karibu na uwanja kwa siku zote nane. Siku mbili za mwisho huja viongozi, wafanyabiashara na wananchi wengi. Mwaka ambao sherehe za kitaifa zinafanyika katika mji huo, hali huwa ngumu zaidi. Mbeya ilipokea sherehe za kitaifa mwaka 2022 na 2023. Mwaka 2024 na 2025 zilifanyika Dodoma, katika viwanja vya Nzuguni. Kwa hiyo swali la kwanza la kamati liwe hili: mwaka huu sherehe za kitaifa ni wapi? Kikundi kinachokwenda kujifunza, si kumwona mgeni rasmi, kinaweza kuchagua tarehe 2 hadi 5. Vyumba hupatikana kwa urahisi zaidi, na wataalamu kwenye vipando huwa na nafasi ya kujibu maswali.

MAMBO MATANO YA KUPANGA

1. Anzeni na watu, kisha bei. Andikeni orodha ya majina: wanawake wangapi, wanaume wangapi, nani ananyonyesha, nani ni mjamzito, nani anatumia dawa kila siku, nani hawezi kupanda ngazi. Sisi mwaka 2022 tulikuwa na namba 32 tu. Kama tungekuwa na orodha, tungejua kwamba kuna mtoto ambaye hakuhesabiwa, na kwamba yeye ndiye aliyehitaji kitanda kuliko sote.

2. Pimeni mahali. Kikundi kina njia nne za kawaida. Gesti ina vitanda na kufuli, lakini bei hupanda wakati wa maonesho. Hosteli za makanisa na vituo vya mafunzo zina nafuu na utulivu, lakini hujazwa mapema. Mabweni ya shule ni mazuri endapo wanafunzi wako likizo. Mara nyingi mwezi Agosti shule zimefunguliwa, hivyo ulizeni kwanza. Ukumbi wa usharika au nyumba za washarika hupatikana kwa mazungumzo, siyo kwa fedha tu.

Mkichagua ukumbi, msikubali kwa kuusikia. Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika ya misaada vinataja angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu mahali pa kulala, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Viwango hivyo vimewekwa kwa ajili ya watu waliokumbwa na maafa, lakini vinatupa kipimo. Kwa watu 32 ni mita za mraba 112, yaani ukumbi wa mita 14 kwa 8; ndoo 24 za lita 20 kila siku; na vyoo viwili. Ukumbi wa mita 10 kwa 7 unatosha watu 20 tu, hata kama mwenyeji kwa ukarimu wake atasema "tutabanana".

Pimeni pia umbali. Chumba cha bei nafuu upande wa pili wa jiji huongeza nauli mara mbili kwa siku kwa kila mtu, na jioni magari hujaa.

3. Wekeni makubaliano kwa maandishi. Mjumbe mmoja, au mwenyeji mnayemwamini, aende aone vyumba kwa macho kabla ya mwisho wa Juni. Karatasi moja inatosha: idadi ya vyumba, tarehe ya kuingia na kutoka, bei kwa usiku, kiasi kilicholipwa, saa ambayo vyumba vitashikiliwa, na nini kitafanyika vyumba vikikosekana. Pande zote mbili zisaini, na stakabadhi ipatikane siku hiyo hiyo. Wiki moja kabla, pigeni simu. Siku ya safari, pigeni tena mkiwa njiani. Inapowezekana, mtu mmoja atangulie asubuhi apokee funguo. Hili la mwisho peke yake lingetuokoa mwaka ule.

Muwe pia na mahali pa pili. Si lazima mpalipie. Inatosha kuwa na jina na namba ya simu ya mtu anayejua kwamba mnaweza kumpigia.

4. Lindeni usiku. Wanawake na wanaume walale vyumba tofauti, na mlango wa kina mama ufungwe kwa ndani. Njia ya kwenda chooni iwe na taa. Wachagueni wasimamizi wawili, mama na baba, wanaojua kila mtu yuko wapi saa nne usiku. Fedha ya kikundi isikae kwa mtu mmoja.

Tunasisitiza jambo moja ambalo ni la uhai. Katika ule ukumbi, mwenzetu aliingiza jiko la mkaa ili tupate joto, akafunga madirisha. Mama mmoja mwenyeji alilitoa nje haraka, hata kabla ya kutusalimu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hupoteza fahamu bila kujua, na familia nzima huweza kufa usiku mmoja. Jiko la mkaa lisiingie kabisa mahali mnapolala, hata kama linaonekana kama linazimika. Dawa ya baridi ni blanketi la pili, soksi, na mkeka mzito chini ya godoro.

5. Hesabuni gharama za mwenyeji. Hapa tunakiri kosa letu mbele yenu. Kwa sababu hatukulipa gesti, katika taarifa ya fedha ya mwaka 2022 tuliandika kwamba tumepata akiba katika fungu la malazi. Mfadhili alitupongeza. Lakini haikuwa akiba. Kuni, unga, maharage, maji na usiku wa mlinzi vilitoka kwa usharika ambao nao una paa la kumalizia. Ilikuwa ni sadaka ya watu wengine, nasi hatukuiandika popote.

Tangu mwaka 2023 bajeti zetu zina mstari unaoitwa "mchango kwa usharika mwenyeji". Tunakubaliana kiasi mapema na baraza la wazee, tunakilipa kupitia kwa mtunza hazina wao na kupewa stakabadhi. Wanachotoa zaidi ya hapo tunakiandika katika taarifa kama mchango wa jamii. Wafadhili wetu tunawaomba mlipokee jambo hili: bajeti ya malazi iliyo ndogo kupita kiasi haimaanishi kwamba gharama haipo. Inamaanisha kwamba kuna mtu mwingine anayeilipa.

Kwa upande wa kikundi, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hatungoji siku ya tatu. Wageni hufagia ukumbi, huchota maji, na huacha vyoo vikiwa safi kuliko walivyovikuta.

WENZETU WA UJERUMANI WANAFANYAJE?

Baadhi ya wasomaji wetu wako katika sharika rafiki za Ujerumani, na wanaijua Kirchentag, kusanyiko kubwa la Waprotestanti lililoanzishwa Hannover mwaka 1949. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili katika mji tofauti. Mwaka 2025 lilirudi Hannover, tarehe 30 Aprili hadi 4 Mei. Makumi ya maelfu ya watu huja kwa wakati mmoja, na hoteli haziwezi kuwatosha. Kwa hiyo vikundi, hasa vya vijana, hulala katika madarasa ya shule. Kila mmoja hubeba mkeka na begi lake la kulalia, na watu wa kujitolea wa eneo hilo huwaandalia kifungua kinywa. Familia za mji huo nazo huombwa, miezi kadhaa kabla, kutoa kitanda kimoja au viwili kwa wageni wasiowajua.

Tusiseme kwamba wanaweza kwa sababu wana fedha. Darasa na mkeka hata sisi tunavyo. Wanachotuzidi ni kuomba mapema na kuwa na orodha.

Na kwa kweli ujuzi huo tunao. Msiba ukitokea kijijini, watu hamsini hulala bila gesti. Kuna anayeandika, anayekusanya mikeka kwa majirani, anayepanga kina mama nyumba ipi na wazee nyumba ipi. Tofauti ni kwamba msiba hautoi taarifa. Nane Nane inajulikana tarehe yake tangu Januari.

NENO LA MUNGU

Someni pamoja 2 Wafalme 4:8-10. Mwanamke wa Shunemu aliona kwamba Elisha hupita kwake mara kwa mara. Alizungumza na mumewe, nao wakamtengenezea chumba kidogo chenye kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Tuangalie mpangilio wake: aliona hitaji, akashauriana nyumbani, akaandaa kabla mgeni hajafika, akafikiria hata taa. Ukarimu wake ulikuwa na orodha. Kupanga vizuri hakupunguzi upendo. Ndiyo njia ambayo upendo humfikia mtu aliyechoka usiku.

MATOKEO

Mwaka 2023 tulirudi Mbeya na watu 28, kwa makubaliano na usharika ule ule yaliyosainiwa mwezi Juni. Yule mama alikuwemo, na mwanawe akiwa anatembea. Alikaa kwenye vipando siku mbili akiuliza maswali mpaka mtaalamu akacheka. Leo yeye ndiye msimamizi wa shamba la mbegu la kikundi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika safari yetu iliyopita, nani hakulala vizuri? Je, tuliwahi kumuuliza?
2. Ukumbi wetu una mita ngapi, vyoo vingapi, na maji kiasi gani? Tungeweza kupokea wageni wangapi kwa heshima?
3. Ni usharika gani uliowahi kutupokea, na gharama zake hatujawahi kuziandika?
4. Nani atakwenda kuona malazi kabla ya mwisho wa Juni?

Tunawaomba kila kamati itutumie majibu ya swali la pili. Tunakusudia kuandaa orodha ya kumbi za sharika zinazoweza kupokea vikundi, ili anayesafiri ajue pa kubisha hodi kabla giza halijaingia.