Somo la familia: Mkimbiaji aliyewaendea wakimbizi

Katika Kiswahili mkimbiaji na mkimbizi wametoka katika neno moja. Tofauti ni kwamba mmoja amechagua kukimbia, na mwingine amekimbizwa. Somo letu linamhusu dada wa Kenya aliyewakutanisha hao wawili, Tegla Loroupe.

Alizaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, upande wa mpaka wa Uganda. Baba yake alikuwa na wake wanne na watoto wengi. Alipoanza shule akiwa na miaka 7, njia ilikuwa ya kilomita kama 10, naye aliikimbia ili asichelewe. Watu walimwambia mbio si mambo ya msichana. Mama yake ndiye aliyemtia moyo. Hata viongozi wa riadha walimwona mdogo mno na mwembamba mno, mpaka mwaka 1988 aliposhinda mbio za nyika miguu mitupu.

Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Mwaka 1995 akashinda tena, akiwa katika msiba wa dada yake. Aprili 1998 huko Rotterdam alikimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa imekaa tangu 1985. Mwaka uliofuata, Berlin, akaipunguza kwa sekunde 4.

Lakini tukae kidogo na Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Wengi walimtazamia medali ya dhahabu. Usiku wa kuamkia marathoni chakula kilimdhuru, akaugua. Alikimbia hivyo hivyo, akamaliza wa 13. Siku chache baadaye akaingia mita 10,000 na kuwa wa 5. Medali ya Olimpiki hakuipata kamwe. Sisi tunaona mbio hizo mbili zinamweleza vizuri kuliko rekodi zake.

Kwao nyumbani Wapokot, Waturkana, Wamarakwet na Wakaramoja walikuwa wakiibiana ng'ombe na kuuana kwa bunduki. Mwaka 2003 Tegla alianzisha shirika la amani, akaandaa mbio ambazo vijana wa makabila hayo, wapiganaji wenyewe, walikimbia pamoja. Sisi tuliotoka penye bunduki tunajua si jambo dogo mtu kukimbia bega kwa bega na aliyemwinda juzi.

Kisha akaenda Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini mwa Kenya. Yalifanyika majaribio ya mbio, na Rose Lokonyen, msichana wa Sudan Kusini, alikimbia bila viatu. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi. Mwaka 2016 watano kati yao walikwenda Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi, watu 10 kwa jumla. Tegla ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara, na Rose alibeba bendera. Katika hao 10 walikuwemo Wakongo wawili wa mchezo wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, waliokuwa wamepata hifadhi Brazil. Popole alishinda pambano lake la kwanza, akashindwa la pili.

Hakuna hata mmoja wa timu hiyo aliyerudi na medali. Ya kwanza ya wakimbizi ilipatikana Paris mwaka 2024, shaba ya ndondi, kwa mikono ya Cindy Ngamba mzaliwa wa Kamerun.

Katika vikundi vyetu tuanzie hapo. Binti akiomba kwenda uwanjani jioni na foleni ya maji inamngoja, kwa kawaida tunamjibu nini? Kaka yake akiomba hivyo hivyo, jibu ni lile lile? Akina baba wazungumze kwanza, kisha mabinti wenyewe wapewe nafasi, na mtu asiwakatize. Halafu tutafute ni nani atakayechota maji siku hiyo.