Kurudi kwenye ukili na sindano baada ya Idi

Waswahili huhesabu miezi kuanzia saumu inapomalizika. Shawwal huitwa Mfungo Mosi, Dhulqaada Mfungo Pili, Dhulhija Mfungo Tatu, na hesabu huendelea hivyo hadi Mfungo Kenda, kisha hufuata Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kwa hiyo msuka mikeka wa Pemba au mshonaji kofia wa Lamu anaporudi kazini baada ya Idi, hesabu ya miezi nayo ndiyo kwanza inaanza. Mbele yake hana muda mrefu. Idi ya kuchinja huangukia tarehe 10 ya Mfungo Tatu, siku 67 hadi 69 baada ya Idi mosi. Mwaka 2024, kwa mfano, Idi ya kwanza iliswaliwa Tanzania tarehe 10 Aprili na ya pili tarehe 17 Juni. Katikati ya sikukuu hizo mbili nyumba hurudi katika hali yake, na mikono hurudi kwenye kazi yake.

Ugumu wa kurudi hutokana zaidi na saa kuliko uvivu. Ramadhani huipindua siku ya nyumba za pwani. Jiko hulala asubuhi na kuwaka alasiri, watu huchelewa kulala kwa ajili ya tarawehe, na daku hukata usingizi katikati. Mwanamke aliyekuwa akisuka ukili barazani alasiri hujikuta mwezi mzima, saa hiyohiyo, yuko jikoni na maharage ya nazi, mihogo na uji. Idi ikipita, chai ya asubuhi hurudi na alasiri hubaki tupu. Utupu huo usipowahiwa hujazwa na usingizi, na wiki mbili baadaye huwa umeshakuwa mazoea. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuirudisha alasiri mahali pake, hata kama siku hiyo kazi yenyewe haijaguswa: mtu aketi pale alipokuwa akiketi, saa ileile, na kapu lake mbele yake. Anayefunga sita za Shawwal hulazimika kungoja kidogo, kwa kuwa jioni zake bado ni za jiko. Huyo na atumie asubuhi, mwili ukiwa bado na nguvu.

Kazi za nyumba zina mpangilio wake, na la mwanzo kabisa ni vyombo vya watu. Sikukuu huacha nyumba imejaa masinia, masufuria makubwa na mabirika ya kuazima, na kila kimoja kina mwenyewe. Virudishwe mapema, na kwa desturi visirudi vitupu; vipande vya mkate wa kumimina au visheti vilivyobaki vinatosha. Kisha hufuata sufuria za nyumbani zilizoshika masizi, ambazo jivu na makumbi ya nazi huzing'arisha kuliko sabuni peke yake. Nguo hufuata: mashuka ya wageni, mapazia yaliyotundikwa kwa ajili ya Idi, kanzu zenye madoa ya pilau. Doa la manjano lisianikwe kabla ya kusuguliwa.

Usafi huu wahusu kazi ya mikono moja kwa moja. Ukindu hunywa mafuta, na kidole kilichotoka kwenye sufuria huacha alama isiyotoka kwenye ukili mweupe. Hata hivyo kuna mpaka wa kuutazama. Kazi za nyumba haziishi, na anayesema atasuka nyumba ikishatulia atafika Mfungo Tatu hajasuka hata shibiri. Vyombo vya watu vikishakwenda na jiko likishasuguliwa, mengine yagawanywe asubuhi kwa asubuhi.

Kwa msukaji, siku ya kwanza ya kweli ni ya kukagua, wala si ya kusuka. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajachanua, huanikwa juani mpaka yageuke meupe, yale ya rangi huchemshwa pamoja na rangi, ndipo yachanwe kuwa chane. Shehena iliyofungwa tangu Shaabani huenda ikawa imepata unyevu. Mwaka wa Hijiria ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huhama majira polepole, na miaka hii ya karibuni imeangukia mwanzoni mwa masika au katikati yake, wakati mbaya kabisa kwa ukindu. Kila fungu lifunguliwe, linuswe, litandazwe. Chane zenye madoa meusi ya kuvu zitengwe zisiambukize nyingine. Zenye unyevu tu huokolewa na jua la saa chache mvua inapopumzika, na jioni huingizwa ndani kabla ya umande. Zilizokauka kupita kiasi hazina hasara, kwani kabla ya kusukwa zitalowekwa kidogo zilainike.

Baada ya kukagua, kuchana. Hapa pana siri ambayo wasukaji wazoefu huifuata bila kuitaja: kuchana hakutaki ubunifu wowote, hutaka upana ulio sawa tu, na kwa sababu hiyo ndiko mlango mzuri wa kurudia kazi. Vidole vilivyopumzika mwezi mzima hukumbuka kwanza upana, kisha mkazo, kisha nakshi. Mtu akianza na nakshi ya rangi tatu siku ya pili baada ya Idi, atasuka, atafumua, atakata tamaa. Akichana alasiri mbili au tatu, kusuka kutamjia kwenyewe.

Ukili hupimwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambao ni sawa na mikono minne au shibiri nane. Katika wiki ya kwanza shibiri ndiyo kipimo kinachofaa. Shibiri mbili siku ya kwanza, mkono na nusu siku zinazofuata, mpaka pima irudi. Ukili huu wa mwanzo uwe mweupe, usio na nakshi, na ufananishwe na kipande cha zamani: ukiwa umelegea, utakaa pembeni mwa mkeka au kwenye kapu, mahali usipoonekana sana. Rangi zichaguliwe baadaye. Uchaguzi wa rangi unastahili jicho lililokwisha kutulia, kwa sababu mkeka hubaki nyumbani miaka mingi.

Mshonaji wa kofia za kiua ana shida ya aina nyingine. Ukili uliosukwa vibaya hufumuliwa. Kitambaa cheupe kilichotobolewa mahali pasipo pake hakisahau tundu. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na anayeirudia baada ya mapumziko hushika kazi iliyoanzwa na mkono wenye mkazo mwingine wa uzi. Ashone kwanza viua vitano au sita kwenye kitambaa kibovu, avilinganishe na vya kwenye kofia, ndipo aguse kofia yenyewe. Kama mstari wa kwanza hata hivyo umetoka mpana, aufumue siku hiyohiyo, kabla uzi haujazoea. Mwanga wa asubuhi unafaa kuliko taa.

Harusi nyingi husubiri Mfungo Mosi, na maombi ya kofia na mikeka huja wakati ambapo mikono bado mizito. Ni vigumu kumkatalia jirani anayeoza mwanawe. Afadhali kumwambia ukweli wa siku zinazohitajika, na kumpa kilichokwisha kushonwa kabla ya Ramadhani ikiwa kipo, kuliko kukubali kila oda na kutoa kazi yenye haraka ndani yake.

Katikati ya Mfungo Pili, ukili ukishatosha, mkeka huanza kushonwa, pindo kwa pindo. Siku ya Arafa, tarehe 9 ya Mfungo Tatu, kazi husimama tena. Ncha ya ukili hufungwa kwa chane isifumuke. Kwenye kofia, mstari uachwe nusu, wala usimaliziwe: atakayeushika baada ya sikukuu ataona kiua kinachofuata ni kipi, na hatahitaji kufikiri pa kuanzia. Sindano huchomekwa papo hapo, kofia hufungwa ndani ya kitambaa safi, na kapu hutundikwa mbali na jiko, pasipofikiwa na moshi wala mikono ya watoto.